Sala Aliyoomba Elinami kwa Kichina

Ukitafuta viatu vya kike soko la Zhanxi, hapa Guangzhou, na hutaki kupigwa bei, ulikuwa unaambiwa: nenda na Elinami Mchomvu. Nasema ulikuwa, kwa sababu siku hizi yupo lakini hayupo. Wateja anawapokea uwanja wa ndege wa Baiyun kama zamani na kuwapandisha metro, anakula, ukimsemesha anajibu. Ila yule mwanamke niliyepanga naye chumba mtaa wa Sanyuanli tangu mwaka 2018 simwoni tena, na mimi Judica ndiye ninayeamka upande wa pili wa chumba hicho, kwa hiyo asitokee mtu wa kunibishia.

Elinami ni Mpare wa Usangi, mjane, miaka arobaini na tisa. Alikuja huku mwaka 2009 na begi moja na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea. Kazi yake ni uwakala. Mfanyabiashara akitoka Dar au Nairobi hajui pa kuanzia, Elinami anamzungusha madukani, anamshushia bei, anakagua mzigo pea kwa pea, anaufunga robota na kuufikisha kwa watu wa kago. Sisi Wameru huwatania Wapare kwamba wako radhi kuuza ng'ombe washinde kesi ya kuku, na huyu hakunipa sababu ya kuufuta utani huo. Nimemwona akikaa kwenye kistuli cha duka la watu saa nzima kwa ajili ya yuan moja. Akaipata, kisha akaenda kumnunulia muuzaji huyohuyo tambi za yuan kumi na tano. Nilipomuuliza faida iko wapi, aliniambia kwamba neno likishaanza kubishaniwa lazima lifike mwisho, na tambi ni jambo lingine.

Alikuwa pia mtu wa sala, na hapa inabidi nieleze vizuri maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi Mlutheri kwa cheti cha ubatizo. Mungu namwamini kama ninavyomwamini mwenye nyumba wetu: najua yupo, ila sina haraka tukutane. Elinami ni Mlutheri wa uamsho. Alikuwa akiongea na Mungu kila alfajiri, kwa sauti, mpaka jirani wa Kichina anagonga ukuta. Na kwa mgonjwa alikuwa na utaratibu aliotoka nao kwenye vikundi vya sala vya mama yake huko Usangi. Ugonjwa lazima utajwe jina. Humwombei mtu "hali yake." Unasema malaria, unasema presha, unautaja na kuuamuru utoke. Kumwombea mgonjwa bila kutaja kinachomuumiza, alisema, ni kufungua kesi bila kumtaja mshtakiwa. Mimi nilipopata vidonda vya tumbo alinishika kichwa na kuvikemea mpaka jirani akaacha kugonga kwa mkono, akagonga kwa kiatu. Nilipona, na sifa zote zikaenda juu. Dawa nilizonunua hazikutajwa.

Duka alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Fen, ghorofa ya tatu, viatu vya wazi vya kike. Alimwita Fen jie, na jie kwao ni dada mkubwa. Fen alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na sita, miwani juu ya nywele, mbegu za alizeti mdomoni kutwa nzima. Jina la Elinami lilimshinda, akalikata likawa Aili. Maduka ya jirani yana vibanda vyekundu vya mungu wa utajiri, machungwa mbele na ubani unafuka. Dukani kwa Fen kulikuwa na kalkuleta, chupa ya chai na kalenda ya kiwanda cha maboksi. Hakuwa na ugomvi na mungu yeyote. Alikuwa hawaoni tu.

Mwaka 2020, ule wa korona, mimi nilikuwa nimekwenda Arusha nikakwama huko. Elinami alibaki. Wakati watu weusi walipokuwa wakitolewa vyumbani na hoteli zinawakataa, alikutwa barabarani na begi lake, mvua inanyesha. Akampigia Fen. Fen alimfungulia stoo ya viatu, akamwekea godoro katikati ya maboksi, akamletea uji wa mchele asubuhi na jioni kwa siku kumi na tisa. Majirani walipomsema aliwajibu kwamba stoo ni yake na mgeni ni wake. Elinami alikuja kumuuliza kwa nini alifanya vile, akijiweka kwenye hatari namna ile. Fen alimjibu kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Toka hapo Elinami akawa na kesi moja tu moyoni. "Nitaingiaje mbinguni," alikuwa akiniambia, "nimwache nje mtu aliyeniingiza ndani?" Alisema hivyo huku anamenya vitunguu, anafunga mizigo, anapiga mswaki. Hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba kuna siku watu watagawanywa, na akijitazama upande wake wa mstari na kumtazama Fen upande wa pili, alikuwa anakosa raha kweli kweli.

Basi akaanza kumshawishi. Nilimkumbusha kwamba nchi hii sisi wageni tunasali na wageni wenzetu, mlangoni unaonyesha pasipoti, na kumhubiria mwenyeji ni kujitafutia safari ya Baiyun ambayo tiketi hujaikata mwenyewe. Alisema hahubiri, anaongea na dada yake.

Siku moja nilikuwepo. Elinami alichukua kiatu rafuni, akakiinua.

"Fen jie, hiki kinaweza kujishona chenyewe?"

"Hakiwezi."

"Basi na dunia hivyohivyo."

Fen akatema ganda la mbegu kiganjani. "Aliyeshona hicho namjua. Anaitwa Chen, yuko Huidong, ana mke mkali. Akikosea soli namrudishia mzigo, na anaupokea. Huyo wako, ukimrudishia mzigo anapokea?"

Nilicheka mpaka nikajishika kwenye rafu. Elinami hakucheka. Alikirudisha kiatu mahali pake na usiku mzima alikuwa anatafuta jibu, akanishtua usingizini kuniambia kwamba amelipata. Nilimwambia amweleze Fen, mimi niko upande wake tayari. Kesho yake akamweleza, na Fen akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamuuliza kama mteja wa Mombasa anataka rangi ya dhahabu au ya fedha.

Mara nyingine Fen alimweleza sababu yake, na hii Elinami alinisimulia mwenyewe. Bibi yake Fen alikuwa akiwaomba miungu wote, wa jikoni, wa mlangoni, wa mtoni. Mdogo wake Fen, mvulana wa miaka minne, akafa kwa homa hata hivyo. Bibi akasema hakuomba vizuri, na akaishi miaka ishirini akijilaumu kwa hilo. "Mtu akifa ni kama umeme umekatika," Fen alisema. "Hakuna anayekaa gizani, maana hakuna mtu. Wewe Aili ni mtu mwema. Ungekuwa mwema hata bila yeye." Elinami alirudi nyumbani amenuna. Alisema angetukanwa isingemuuma hivyo.

Hivyo ndivyo walivyokwenda miaka minne, mmoja anavuta na mwingine hasogei, na katikati yake wanauziana viatu na kulishana. Mimi niliwazoea. Nilidhani watazeeka hivyo.

Baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, Fen hakufungua duka. Ilikuwa tumbo na mgongo, na macho yamekuwa ya njano. Mume wake, Bwana Liang, mtu mkimya anayeendesha kigari cha mizigo, alimpigia Elinami aje hospitali, na alipofika hakumpeleka wodini. Alimpeleka kwenye ngazi. Hapo ndipo alipomwambia kwamba ni saratani ya kongosho, imeshasambaa, na daktari amewaambia yeye na binti yao miezi mitatu, labda minne. Fen mwenyewe ameambiwa kongosho limevimba, atakunywa dawa, atapona. "Hajui, na asijue," Liang alisema. "Akijua ataacha kula. Wewe anakuamini. Mwambie wateja wanamuulizia. Mwambie mzigo wa majira ya joto unamsubiri." Elinami aliitikia kwa kichwa na kumshika mkono. Alikubali. Hilo hajawahi kulikana.

Alirudi nyumbani, hata begi hajaliweka chini.

"Hawajamwambia, Judica! Mtu anakufa na hajui kama anakufa! Atatubu saa ngapi?"

"Dada, kwao ndivyo wanavyofanya. Na umeshakubali."

"Nimekubali kutosema. Sijakubali apotee."

Jumapili hiyo Khalid alikuja kula ugali. Khalid ni kijana wa Tanga anayesomea udaktari hapa kwa ufadhili, na unga ukiwepo anaunusa kutoka bwenini kwake. Elinami alimweleza yote. Khalid alinawa mikono taratibu kabla hajajibu. Alisema kwenye wodi anazojifunzia ameliona hilo mara nyingi: daktari huwaita ndugu kwanza, na ndugu huamua. Wanaona kifo ni mzigo, na mgonjwa hana nguvu ya kuubeba, basi wanaubeba wao.

"Kwetu mgonjwa anaandaliwa," Elinami alisema.

"Hata kwetu, anti. Tunamsomea, tunamtamkisha shahada. Lakini huyu si wa kwetu wala wa kwenu. Sisi tunafundishwa kwamba juu yako ni kufikisha tu. Kuongoa kuna mwenyewe. Umefikisha miaka minne, umemaliza kazi yako."

"Sijamaliza. Ingekuwa imemfika angeamini."

Hapo neno likanitoka. Nilisema kwamba kama Mungu anamtaka Fen, anaijua wodi aliyolazwa, hahitaji dalali. Elinami alinigeukia. Aliniambia mimi siwezi kuelewa, kwa sababu sijawahi kumpenda mtu kiasi cha kutaka niwe naye milele. Niliumia. Nilimnunia siku mbili nzima, naosha vyombo kwa kelele, na sababu iliyoniuma zaidi ni kwamba huenda alikuwa anasema kweli.

Akawa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki. Anampelekea Fen habari za soko alizoahidi, kwamba wateja wa Nairobi wanamuulizia, kwamba rangi ya maembe ndiyo itakayotoka mwaka huu. Fen alikuwa anakula. Alikuwa na daftari la picha za viatu kitandani na anapanga rangi. Kabla ya kuondoka Elinami humshika mkono na kumwombea kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili aliutaja ugonjwa kama ulivyo, saratani, bila woga, maana wodi nzima hakuna anayejua neno hilo. Fen alimwachia mkono wake. Alikuwa akisema, "Ongea naye, mimi napumzisha macho."

Siku moja Fen akamuuliza, "Unamwambia nini huyo?"

"Namwambia akuponye."

"Mbona humwambii kwa Kichina? Mgonjwa si ni mimi?"

Ulikuwa utani. Namjua Fen, ulikuwa utani kama ule wa kumrudishia mzigo. Lakini Elinami alikuja nyumbani anang'aa uso. Miaka minne, alisema, na leo kaomba mwenyewe aisikie sala! Alimpigia Khalid palepale, akamtaka amwandikie sala kwa Kichina, kwa herufi zetu, aikariri. Khalid alikataa mara ya kwanza, ya pili akakubali. Ni kijana wa heshima, na mtu aliyemlisha ugali miaka mitatu ni vigumu kumkatalia. Alimwandikia ukurasa mmoja: mpe nguvu, mpe amani, mwonyeshe kwamba upo. Ugonjwa hakuutaja. Alimwambia, "Anti, soma kama lilivyo. Usiongeze neno."

Elinami aliikariri siku sita. Kwenye metro, kwenye foleni ya lifti, Zhanxi katikati ya mikokoteni watu wanapiga kelele "laoban, laoban," bosi njoo uone, yeye midomo inacheza. Nyumbani alinikabidhi karatasi nimsikilize. Nilimsikiliza. Alipokosea nilimrudisha. Hilo nalisema ili isionekane kwamba mimi nilikuwa mwenye busara pembeni.

Ilikuwa Aprili, ule msimu ambao kuta za Guangzhou hutoa jasho na nguo hazikauki. Nilifuatana naye, nimebeba mapera. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu. Bwana Liang alikuwa ameketi na chupa ya uji mapajani, anangoja upoe. Fen alikuwa amepungua sana lakini amechana nywele, na miwani iko juu ya kichwa kama yuko dukani.

Elinami akamwambia, "Leo naomba kwa Kichina." Fen akacheka kidogo, akampa mkono.

Akaanza. Nawaambia ukweli, alisoma vizuri. Matamshi yalikuwa ya sokoni lakini maneno yalikuwa ya Khalid, mazuri, na yalitoka moja baada ya jingine bila kujikwaa. Nilimwangalia Fen. Mwanzo alikuwa na uso wa kumstahimili mtoto anayeimba mbele ya wageni. Halafu Elinami akafika pale pa kusema, huyu alinipa uji wakati sina pa kulala, na uso wa Fen ukabadilika. Akauleta mkono wake wa pili, akauweka juu ya mikono yao. Mimi mwenyewe, na imani yangu ya cheti, niliona kitu kinataka kutokea mle ndani, na nilitamani kitokee.

Karatasi ikaisha. Sala haikuisha.

Mtu aliyekulia kwenye sala kama zile hawezi kutua pale. Macho amefumba, jasho linamtoka, moyo umepanda, na mshtakiwa hajatajwa. Niliona mabega yake yanainuka. Akaacha Kichina cha Khalid, akashika Kichina chake mwenyewe, kile cha kukatalia bei. "Bu yao!" akapaza sauti, kama anavyomwambia muuzaji aliyemletea mzigo mbovu. Sikutaki! Akalitaja jina kamili, saratani ya kongosho, alivyolisikia kwa Liang kwenye ngazi. "Sikutaki! Toka kwa dada yangu! Bu yao!"

Nikamshika mgongo nimzuie. Na hapo nikamaliza kuharibu, maana kwenye sala za kwetu mtu akikushika mgongo anakuunga mkono. Elinami alihisi kiganja changu, akaongeza sauti. Akaitaja tena, na tena, akaiamuru imwachie ini, imwachie mifupa, kila mahali alipoambiwa imefika. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alizima sauti ya simu yake ili asikie. Bwana Liang alikuwa ameshika kifuniko cha chupa, anakifunga, kimeshafungika, na bado anakizungusha.

Fen hakumtazama Elinami. Alikuwa anamtazama mume wake.

Elinami akasema amina, akafumbua macho, anatabasamu. Kisha akaona. Mkono ukampanda mdomoni.

"Ni kweli?" Fen alimuuliza Liang. Liang aliinamia chupa ya uji, na mtu aliyeishi na mumewe miaka thelathini na moja hahitaji jibu. Fen alitoa mikono yake polepole, mmoja kisha mwingine. "Aili," alisema, "nenda nyumbani."

Fen aliacha kula, kama Liang alivyosema. Daftari la viatu alimpa binti yao alirudishe dukani. Aligeukia ukutani na akakataa wageni. Elinami alikwenda kila siku na kusimama chini ya jengo na chupa ya uji wa mchele alioupika mwenyewe. Wiki ya kwanza Liang alishuka kuipokea, akainamisha kichwa, akasema asante. Wiki ya pili hakushuka. Hakumgombeza hata mara moja, na Elinami alinililia kwa hilo. Alitaka agombezwe. Alisema Mpare anajua kujitetea akishtakiwa, lakini hapa hakuna aliyemshtaki.

Wiki ya tatu binti yao alituma ujumbe kwenye WeChat. Mama anataka kumwona Aili kesho asubuhi.

Elinami alivaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa amekonda, kikamwelea. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimsikia anaimba bafuni, pambio la kwao la Kipare nisilolijua. "Ameguswa, Judica," aliniambia. "Sasa amejua kwamba hana muda, na ameguswa. Mungu ameligeuza kosa langu." Nilimfunga vizuri kilemba na tukaondoka. Nilitaka awe sahihi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kwenye mji huu.

Nilisimama karibu na mlango. Fen alikuwa mifupa. Alizungumza taratibu, maneno mepesi, ili Elinami asikose hata moja.

"Huyo Mungu wako. Alijua ninaumwa nini?"

"Alijua, dada. Anajua yote."

"Kabla ya daktari?"

"Kabla ya daktari."

"Na siku zote alikuwa humu chumbani?"

"Alikuwa humu."

Fen akahesabu kwa vidole. "Liang alijua, akanyamaza. Mwanangu alijua, akanyamaza. Na huyo wako alijua, naye akanyamaza. Wote walionihurumia walinyamaza, Aili. Nilikuwa nakula. Nilikuwa napanga rangi."

Elinami alipiga magoti pale sakafuni. "Nilitaka uwe naye. Nilitaka tuwe wote, mimi na wewe."

"Najua." Fen alimshika shavu. Sauti yake haikuwa na hasira, na ningependa ingekuwa nayo. "Ndiyo maana nimekuita nikuambie mwenyewe, usije ukajidanganya kwamba sikukusikia. Nilikusikia. Miaka yote, na siku ile, neno kwa neno. Siamini."

Kisha akafumba macho, binti yake akatuonyesha mlango.

Fen alikufa siku ya nne. Mazishi yalikuwa ya familia peke yao, hatukuitwa. Duka sasa lina mtu mwingine, anauza makava ya simu.

Khalid alikuja kutupa pole. Alijitahidi. Alisema rehema ya Mungu ni pana na hakuna ajuaye moyo wa mtu ulivyotoka. Elinami alimwambia, "Alisema siamini, mwanangu. Alinishika shavu akasema." Khalid alikula ugali kidogo akaomba ruhusa mapema.

Elinami bado anaamka alfajiri. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, mdomo umefungwa, mpaka kunapambazuka. Sijamuuliza kama anasali. Wateja wakimsifu Mungu mbele yake kwa bei nzuri anaitikia amina. Muuzaji wa Kichina akimtania kuhusu msalaba shingoni, anauingiza ndani ya blauzi na kuuliza bei.

Juzi tulikuwa stoo, tunafunga robota la viatu vya mteja wa Mwanza. Mimi nimelala juu yake kuligandamiza, yeye ameshika kamba. Akasema bila kunitazama:

"Judica, kama Mungu yupo, Fen amepotea. Kama hayupo, nilimnyang'anya siku zake za mwisho bure. Wewe ungeniombea lipi?"

Mimi si mtu wa kukosa neno, mnanijua. Nililitafuta. Nilitafuta hata la utani, hata la uongo. Mwishowe nikamwambia avute kamba, robota linafumuka.

"Sikuulizi kamba," alisema, na hakuvuta. Alikuwa amesimama ananitazama, anangoja nimjibu.